Kitanda Kilichokwenda Kukunja Bati

Fundi bati aliyekuwa jirani yangu hapa Ilomba alinidanganya miaka sita kwa maneno mawili tu: imebaki kidogo. Ukipita asubuhi ukamuuliza, "Fundi, mashine imefika wapi?" anajibu, "Imebaki kidogo, mama." Ukipita jioni, imebaki kidogo. Nilirudi msibani siku moja, siku tatu sijalala, macho yamevimba, yeye akanipa pole vizuri kabisa, akatulia, halafu bila kuulizwa akaongeza, "Na ile kitu yetu imebaki kidogo." Nilifika mahali nikalichukia neno lenyewe. Mjukuu akiniambia bibi niongeze chai kidogo, namwambia sema nusu kikombe, hilo neno lisitajwe humu ndani.

Hayupo tena hapa, lakini nikisikia mtu anagonga bati popote bado nageuka na hasira. Jina lake silitaji, wala si siri, ni kwamba halikuwa na kazi. Mkewe, mpaka tunamzika, alimwita Fundi. Mchungaji akisoma waliotoa mahindi ya mavuno, watu wote anawasoma majina mawili mawili, akifika kwake anasema, "Na Fundi." Basi na mimi namwita hivyo.

Kibanda chake kilipakana na meza yangu ya chai na viazi. Alikuwa na kipande cha reli amekichimbia ardhini, nyundo mbili, mkasi wa bati, na uzi wenye mafundo. Uzi huo ndio ulikuwa futi yake. Ukimletea futi ya kununua anaigeuza geuza kama mtu aliyepewa nyoka, anakurudishia. Alitengeneza majiko, ndoo, masanduku ya wanafunzi wa bweni, vihenge vya kuwekea mahindi, na mifereji ya mvua. Kila kona ya bati aliikunja kwa kuliweka kwenye reli na kugonga, hatua kwa hatua, ta ta ta, nusu siku kwa mfereji mmoja. Wateja wangu walikunywa chai huku wamekunja uso.

Kelele hizo zilikula masikio yake kabla hazijala mkono. Kwa kuwa hasikii, alidhani na wenzake hawasikii. Kanisani alikuwa anainama kumnong'oneza mkewe, na kunong'ona kwake kunafika mpaka kwaya. Jumapili moja mchungaji amefika katikati ya mahubiri, tukasikia wote, "Huyu leo hana breki." Mahubiri yakasimama. Mkewe akafunika uso kwa kitenge. Fundi akatazama huku na huku kujua nani kamkatiza mchungaji.

Na alikuwa mkali kwa kazi mpaka anaudhi. Baba mmoja alikuja Jumamosi kuchukua sanduku, mtoto anaripoti shuleni Jumatatu. Sanduku zuri, limepakwa rangi ya bluu. Fundi akalifunga, akalifungua, akapitisha kidole kwenye mfuniko, akasema, "Limekosea." Yule baba akasema, "Mimi sioni kosa." "Wewe huoni, lakini bati halisamehe." Akalipondaponda pale pale mbele ya mwenyewe! Mtoto akaenda bweni na vitu vyake kwenye kiroba. Lakini nenda nyumbani kwa huyo huyo Fundi, mlango wake wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa waya, na karai lake la kuogea linavuja. Nilimwambia, "Kosa la unywele kwa watu unaliona, karai lako je?" Akacheka. Akasema karai halijalalamika.

Sasa mashine. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Akishika kikombe changu cha chai, chai inamwagika kwenye sahani, anainywea humo kwenye sahani kama vile ndivyo alivyopenda. Siku moja akaniambia kwa sauti yake ile ya kunong'ona, barabara nzima ikasikia, "Mama, huu mkono umebakiza mvua mbili tatu. Lazima nitengeneze kitu cha kukunja bati bila kugonga, la sivyo nimekwisha."

Mimi nami nilikuwa na shida yangu. Nyumba yangu ni ya matofali mabichi. Upande wa nyuma, futi ishirini na nne, hauna mfereji. Mvua za hapa Mbeya mnazijua, hazikuulizi. Maji yanaanguka kutoka kwenye bati yanachimba mguuni mwa ukuta, na kona iliyokuwa inaliwa ni ya chumba wanamolala wajukuu zangu. Kila mwaka napiga udongo, kila mwaka unaondoka. Basi Fundi akaja kwangu, akaona kitanda cha chuma kimeegemezwa ukutani.

"Mama, hicho kitanda kinafanya kazi gani?"

"Kinapumzika. Kimefanya kazi yake."

Kilikuwa kitanda cha marehemu mume wangu. Chuma cha zamani kile, cha pembe, mafundi wanaita engo, kimepakwa rangi ya kijani. Tulilalia miaka thelathini na zaidi. Kwenye chuma cha pembeni, upande wa kichwani, mume wangu alikuwa ametoboa tundu la kuning'iniza redio, maana hakulala bila taarifa ya habari. Fundi akakigonga kwa kucha, akasikiliza, yeye asiyesikia. Akasema, "Chuma hiki hakipo tena duniani. Siku hizi wanauza biskuti. Nipe hiki, na mfereji wa kwanza utakaotoka kwenye mashine ni wako. Wa kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote."

Nikampa. Watoto wangu walinisema. Nikawaambia chuma ni changu na ukuta ni wangu.

Mashine yenyewe, kwa asiyejua, si ya ajabu. Kuna meza ya chuma. Juu yake kuna chuma kirefu kinacholibana bati lisicheze, hilo ni banio. Mbele ya meza kuna chuma kingine kirefu kimeshikwa kwa bawaba, kama mlango uliolazwa, huo aliuita ubawa. Unaingiza bati, unakaza banio kwa nati mbili, moja huku mwisho na moja kule mwisho, halafu unanyanyua ubawa. Bati linakunjika kwa mara moja, futi zote sita. Vyuma vya pembeni vya kitanda changu, yaani zile engo mbili ndefu, moja ikawa ubawa na nyingine ikawa banio.

Ya kwanza alikosea bawaba. Alizifunga chini mno, ubawa ukipanda unalikwangua bati badala ya kulikunja. Akaikata yote. Mwaka ukaisha. Ya pili bawaba zilikaa sawa, akaniita kwa kelele, nikaacha viazi vinaungua. Akaingiza bati, akakaza, akanyanyua. Likatoka. Huku mwisho limekunjika kali kama suruali ya bwana harusi, na kule mwisho vivyo hivyo, lakini katikati limevimba. Lina tumbo.

"Lina tumbo, Fundi."

"Naona."

"Mfereji wenye tumbo unasimamisha maji, wataoga mbu."

"Mama, nimesema naona!"

Basi hapo ndipo tulipokwama, kwenye tumbo, miaka minne. Yeye alidhani hakukaza vya kutosha. Akanunua nati kubwa zaidi. Tumbo likakua. Akakaza zaidi, tumbo likakua zaidi. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini macho yangu hayakuishia darasa la tatu. Niliinama nikatazama, nikaona banio likikazwa miishoni linajiinua katikati kama mtu anayenyoosha mgongo. Nikamwambia, "Fundi, kitanda hicho kilikuwa na tofali."

"Tofali gani?"

"Kilikuwa kinabonyea. Mume wangu aliweka tofali chini yake, kikatulia. Wewe ulichukua kitanda, tofali ukaliacha. Miisho unaikaza, katikati hapana wa kupashikilia. Weka kitu katikati kisukume chini."

Akanitazama kwa huruma, ile huruma inayoudhi. "Mama, kitanda kinalaliwa na watu. Hii inalalia bati. Hiyo engo nimeinyoosha kwenye reli mwenyewe, imenyooka kama sheria."

Hapo nilitamani kumpiga na mwiko. Kesho yake akaleta bomba la kuongezea mkono wa spana, akaning'inia nalo kama nyani. Nati ikakatika. Kipande kikaruka kikatoboa sufuria yangu ya chai, sufuria kubwa, chai ya watu ishirini ikamwagika motoni, mvuke ukajaa mpaka kwa muuza mkaa. Fundi akasimama na bomba mkononi. Akasema, "Hiyo sufuria nitaiziba mimi." Sufuria aliiziba kweli, siku hiyo hiyo, vizuri sana, mpaka leo haivuji. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Angeweza.

Mkaidi wa namna ile sijaona. Alikuja mteja wake, Msukuma mfugaji wa huko Madibira, analima mpunga pia, akataka vihenge vinane. Mtu mkubwa, mpole, anakunywa vikombe vitatu bila kupumua. Akaiona mashine, akaona tumbo, akasema, "Mzee, kule kwetu karibu na mashine ya kukoboa kuna fundi anayo kama hii, inakunja safi. Panda gari yangu, nakupeleka, nakurudisha. Ukaitazame tu."

"Siendi."

"Kutazama tu, mzee."

"Nikishaiona ya mwenzangu, yangu imekufa. Nitakuwa naiga."

Nikaingilia, "Fundi, nani kakwambia kuiga ni dhambi? Hata ugali umeiga kwa mama yako!"

Yule Msukuma alicheka mpaka kofia ikaanguka. Fundi hakucheka. Vihenge vinane vikaenda kutengenezwa Madibira. Fundi akakaa juu ya reli yake mchana kutwa anapigapiga goti kwa uzi wa mafundo. Nikampelekea chai kwenye sahani moja kwa moja, nisimwaibishe. Akanywa, akasema, "Lakini mama, imebaki kidogo."

Mtauliza kwa nini mimi sikununua mifereji kwingine. Ya plastiki ipo madukani, mkwe wangu alitaka kuniletea. Nilikataa. Niliahidiwa wa kwanza, na kitanda changu kimekatwa kwa ajili yake. Nikiweka wa plastiki maana yake nimekubali kwamba kitanda kilikwenda bure. Ndiyo, na mimi ni mkaidi. Lakini ukaidi wangu ulikuwa na sababu, wake ulikuwa ukaidi mtupu.

Mvua za mwaka wa sita kona ikaanguka. Mchana, namshukuru Mungu, watoto wako shule. Nilisikia kama gunia limetupwa, nikazunguka nyuma, nikaona vitanda vya wajukuu zangu kutokea uani. Blanketi limelala kwenye tope. Nilikwenda kibandani kwa Fundi nimelishika hilo blanketi, linachuruzika, nikalitupa juu ya mashine yake. Nikamwambia, "Haya. Kunja hilo."  Fundi hakusema imebaki kidogo. Ni siku pekee ambayo hakusema.

Wiki haikuisha akapata kiharusi. Mkono ule ule wa kulia na mguu. Mke alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo binti yake akaja kutoka Iringa kumchukua. Akapakia vyombo kwenye Fuso, na mashine pia, maana mzee alikataa kupanda gari kabla mashine haijapanda. Nilisimama kwenye meza yangu naona rangi ya kijani ya kitanda changu inaondoka kuelekea barabara kuu. Sikwenda kuaga. Nilikuwa nimeshika udongo wa ukuta mikononi, nikasema hata nikienda nitamwambia nini, pole au rudisha kitanda? Nimejilaumu baadaye. Siku ile sikujilaumu.

Miaka miwili ikapita. Mjukuu wangu wa kwanza, yule aliyekuwa analala kona iliyoanguka kabla hajaenda chuo, akamaliza uuguzi Iringa, tukaenda mahafali. Nilipiga vigelegele mpaka walinzi wakanitazama. Mimi darasa la tatu, mjukuu wangu ana kofia nyeupe, ninyamaze kwa nini? Kesho yake watu wanapanga kurudi Mbeya, nikasema mimi nipelekeni Kihesa, mtaa wa hapo hapo Iringa, kwanza. Kwa nani? Kwa mtu mwenye kitanda changu.

Tulikuta binti yake anaanika nguo. Mzee amekaa kwenye kiti cha uani, amekonda, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mjukuu wangu akamwamkia, akaenda kumsaidia binti nguo. Fundi akanitazama mimi.

"Kamwene," akanisalimu, kwa sauti kubwa kama zamani.

"Kamwene. Umenikimbia."

"Nilikimbia kwa mguu upi, mama?"

Nikacheka, sikutaka kucheka. Akauliza ukuta. Nikamwambia nimeujenga upya kwa matofali ya kuchoma, lakini mfereji bado hauna. Akatikisa kichwa. Halafu akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye banda la nyuma.

Mashine ilikuwepo, imefunikwa turubai. Nilipoifunua nikaona juu ya banio kuna chuma kingine kimepindwa kama upinde, kimeshikwa miishoni, na katikati ya upinde kimeshuka kipande cha chuma kipana, kina nati, kinakandamiza banio chini. Kipana vile vile kama tofali. Nikageuka.

"Nani kakufundisha hii?"

"Nimewaza mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nimelala muda mrefu. Nikamwelekeza mchomeleaji wa hapa."

Jamani! Nusu nimrudishe kitandani kwa kiharusi kingine. Binti yake akasema kutoka kwenye kamba ya nguo, "Mama, hiyo haijakunja mfereji hata mmoja. Watu wanakuja na bati zao, baba anawafukuza. Anasema wa kwanza una mwenyewe." Akanionyesha bati bapa limeegemezwa nyuma ya mlango, jipya, limeshika vumbi. Limekwaruzwa kwa msumari: ILOMBA.

"Miaka miwili?" nikamuuliza. "Ungenitumia hata salamu!"

"Bado lilikuwa na tumbo. Dogo. Nikijaribu kwa vipande tu, linakuja dogo, upande mmoja."  Halafu akauliza, akitazama chini, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa ya chini kweli, "Mama, lile tofali. Mliliweka katikati kabisa?"

Nilikwenda kwenye banio nikalipapasa. Kwenye mwisho mmoja, chini ya kutu, kidole changu kikaingia kwenye tundu la redio. Basi nikajua kichwa kiko wapi. Nikapima kwa mkono, kama nilivyokuwa napima usiku nikitafuta blanketi. Mume wangu alikuwa mtu wa mabega. Alilala upande ule miaka yote na chuma kilibonyea pale mabegani, si katikati. Fundi alikigeuza juu chini, akakinyoosha kwenye reli, akadhani kimesahau.

"Hapana," nikasema. "Lilikuwa shubiri mbili kuelekea kichwani. Hapa. Alilala hapa."

Fundi akanigeukia. "Mbona hukusema?"

"Uliniuliza lini?"

 Akaniambia chukua spana. Nikalegeza nati, nikasogeza kile kipande shubiri mbili, nikakaza. Yeye anaamuru, "Kaza. Basi. Nusu tena. Basi!" Tukaingiza lile bati lenye jina la Ilomba. Akajaribu kusimama kushika mpini, mguu ukamkatalia, akakaa. "Nyanyua wewe," akasema. Nikashika mipini miwili, mimi mwanamke wa viazi, nikanyanyua ubawa. Haukupiga kelele yoyote. Bati lilipanda kama mtu anayeamka.

Tulikunja mara tatu, chini, ubavu na mdomo. Nikamwekea mfereji mapajani. Akapitisha kidole gumba cha kushoto kwenye kona, taratibu, kutoka mwisho huu. Akafika mahali pa mabega. Akasimama hapo. Akarudi, akapita tena. Kidole hakikupanda wala kushuka. Mimi nilikuwa nasubiri aseme limekosea alipondeponde.

"Ndiyo huu," akasema.

Mimi nikasema ndaga, yaani asante kwa lugha ya kwetu. Bati bapa lilikuwa hilo moja tu. Nilirudi Mbeya na mfereji wa futi sita umefungwa juu ya basi, utingo analalamika njia nzima, namwambia huo umekunjwa kwa kitanda changu, ukiupinda tutaonana wabaya.

Umefungwa kwenye ile kona. Mvua ikinyesha, futi sita za kwanza maji yanakwenda kwenye pipa vizuri kabisa, hayasimami, hayamwagiki. Futi kumi na nane zilizobaki maji yanaanguka kama zamani. Majirani wanacheka. Mkwe wangu alisimama uani jana na mwavuli, anatazama, akasema, "Mama, hebu nikuletee hiyo ya plastiki tumalize."

Nikamwambia aiache dukani. Imebaki kidogo.